Mtungi wa Sernin

Sernin Vidal aliporudi Maury, mji mdogo wa mvinyo kusini mwa Ufaransa, baada ya miaka arobaini, hakuna aliyetoka nje kumlaki. Aliegesha gari la kukodi mbele ya nyumba ya marehemu baba yake, akaitazama milima ya mawe meusi pande zote mbili za bonde, akaushikilia mlango wa gari uliotaka kung'olewa na upepo, kisha akaingia ndani kama mtu aliyetoka dukani kununua mkate.

Dada yake Odile alikuwa jikoni akikaanga vitunguu. Kwa miezi sita, tangu walipomzika mzee Galdric mwezi wa nne bila mwanawe wa kiume kutokea, alikuwa akiyapanga maneno ya kumpa kaka yake siku akimwona. Maneno makali, yenye chumvi na pilipili. Sasa alisimama na mwiko mkononi, na yote yakamtoka kichwani.

"Umenenepa," alisema.

"Na wewe umekuwa mama mtupu. Hata mwiko unaushika kama yeye."

"Kaa chini ule, basi. Usinisimamie mlangoni kama mtoza kodi."

Sernin akakaa. Kulikuwa na maharage meupe na soseji ya damu, chakula alichokipenda utotoni, na Odile angekataa hata mbele ya padri kwamba alikipika kwa ajili yake. Jambo lililomleta Sernin kutoka Brest, alikokuwa fundi wa injini za meli, lilikuwa limekaa nao mezani, na wote wawili walikuwa wakilikwepa kwa kupitishiana mkate.

Jambo lenyewe ni hili. Mzee Galdric aliacha wosia. Nyumba, ghala la mvinyo na mashamba yote ya bondeni alimpa Odile. Shamba la Juu, lile lenye mizabibu ya zaidi ya miaka mia, alimpa Sernin, "pamoja na vyote vilivyomo". Wakili aliposoma maneno hayo, Odile alimwomba ayarudie. Ni yeye aliyeipogoa mizabibu ile kwa miaka thelathini na mitano, amepiga magoti juu ya mawe, upepo ukimchapa masikio. Alikijua kila kisiki kwa ulemavu wake. Leo shamba ni la mtu aliyekimbia.

Na huyo mtu alikwisha kuamua, kwa simu, bila hata kuja kuona. Mizabibu ing'olewe. Mvinyo haununuliwi kama zamani, serikali inamfidia anayeng'oa, na yeye Sernin hataki kumiliki hata kichaka katika mji huu. Fulcrand, mwenye tingatinga, alikwisha kuambiwa aje Jumatatu asubuhi. Leo ilikuwa Jumamosi.

"Niuzie mimi basi," Odile alisema hatimaye, akisukuma sahani.

"Sikuuzii. Nikikuuzia utazeekea kule juu ukiwa umepiga magoti, halafu nitakuwa nimekuua mimi."

"Nani kakuambia nataka kuhurumiwa? Sernin, mizabibu ile aliipanda babu wa baba. Inatoa kikapu kimoja pale mingine inapotoa vitano, lakini kikapu hicho..." Akagonga meza kwa kidole. "Hicho ndicho Maury yenyewe."

"Mimi nilipokuwa na miaka kumi na tisa," Sernin alisema taratibu, "nilisimama mbele ya wavunaji ishirini, na baba akaniambia neno. Unalikumbuka?"

Odile alilikumbuka. Nani asiyelikumbuka?

Mvinyo mtamu wa Maury una saa yake. Zabibu zikishasagwa na kutiwa kwenye tangi, chachu huanza kuila sukari, tangi zima likitokota bila moto. Ukiiacha, itaila sukari yote mpaka tone la mwisho. Kwa hiyo mtu hukaa kando ya tangi, anaonja, anasikiliza, anaonja tena, na saa ikifika anamwaga kileo kikali ndani, chachu inalala usingizi wa kifo, na utamu uliobaki unabaki milele. Ukiwahi, umetengeneza asali ya kikohozi. Ukichelewa, umeupoteza mwaka mzima.

Vuno la mwaka themanini na tatu, Galdric aliitwa Perpignan kumzika mama yake wa ubatizo. Akamwacha Sernin kando ya tangi la Shamba la Juu. Na siku hiyohiyo timu ya raga ya Maury ilikuwa inacheza na mahasimu wao wa bonde la pili, na Sernin ndiye aliyekuwa mpiga mateke wao. Akaonja, akaona bado, akasema atarudi kabla saa haijafika. Alirudi na pua iliyovunjika, amebebwa juujuu na wenzake kwa ushindi, na tangi limekwisha kumaliza sukari yake.

Galdric alirejea kutoka mazishini na suti yake nyeusi, akaonja, akamshika mwanawe mikono yote miwili na kuiinua mbele za watu. "Mikono hii," alisema, "haifai kushika hata ndoo ya maji." Sernin akaenda bombani, akaiosha ile mikono, akachukua begi. Hakuwahi kurudi tena.

"Siku hizi mnatengeneza nini?" Sernin aliuliza, akitazama chupa iliyokuwa mezani.

Odile aliona haya kidogo. "Mwekundu mkavu. Watu hawanywi tena mtamu. Mwaka wa kumi na mbili huu hatujatengeneza mtamu hata tone."

"Mkavu!" Sernin alicheka kwa mara ya kwanza, kicheko kisicho na furaha. "Yaani mnaiacha chachu imalize sukari yote kwa makusudi. Basi mimi nilikuwa nimewatangulia tu miaka thelathini. Mzee angenipa nishani."

*

Jumatatu walipanda mlimani asubuhi. Fulcrand aliacha tingatinga lake chini ya kilima, akapanda nao kwa miguu na chupa yake ya kahawa kwapani, kwa sababu Sernin alitaka kwanza kibanda cha mawe kilichokuwa katikati ya shamba kitolewe vitu. Fulcrand alikuwa mtu mnene mwenye masikio yaliyopondwapondwa na raga. Wakati ule Sernin alipobebwa juujuu, bega moja lilikuwa lake.

Upepo ulikuwa umefagia mbingu. Majani ya mizabibu yalikuwa mekundu, na mawe yaling'aa meusi kwa umande. Odile alitembea nyuma. Alikuwa ameomba Jumamosi, akafoka Jumapili, sasa alikuwa amebakiwa na kutazama tu. Kila kisiki alichokipita alikigusa kwa mkono.

Nyuma ya kibanda, upande wa jua, Sernin alisimama ghafla.

"Bado upo?"

Kulikuwa na rundo la mawe yaliyopangwa kwa mduara mpaka kifuani kwa mtu, na katikati yake ilijitokeza shingo ya mtungi mkubwa wa kioo, imezibwa na vumbi la miaka, ndani hakuonekani.

"Upo," Odile alisema. "Nani angethubutu kuugusa?"

Katika nyumba ile ya Vidal, mtoto akizaliwa, mvinyo mtamu wa mwaka wake hutiwa kwenye mtungi wa kioo na kuachwa juani mwaka mmoja, upigwe na kiangazi na baridi. Kisha huhamishiwa kwenye pipa dogo ghalani, na pipa halifunguliwi mpaka siku ya harusi yake. Sernin alipoondoka, Galdric alilifungua pipa la mwanawe, akaurudisha mvinyo kwenye mtungi, akaupandisha mlimani kwa nyumbu. "Ametaka kuishi nje," aliuambia mji. "Basi na mvinyo wake ukae nje. Asiuguse mtu mpaka aje mwenyewe." Wote waliielewa ile kuwa laana. Odile naye aliielewa hivyo, na kwa miaka yote thelathini na mitano alipogoa mizabibu akiukwepa mtungi ule kwa hatua kumi, kama unavyokwepa mbwa wa jirani.

"Basi nimekuja mwenyewe," Sernin alisema. "Fulcrand, tingatinga likifika hapa, pita juu yake."

"Sipiti," Fulcrand alisema.

"Unasemaje?"

"Mizabibu nitaing'oa, bwana, kazi ni kazi, ingawa marehemu mama angenipiga vibao. Lakini mtungi wa kuzaliwa wa mtu siukanyagi. Umwage mwenyewe. Mimi ninakunywa kahawa." Akakaa juu ya jiwe, akaanza kufungua chupa yake.

"Nimwage nini? Humu hamna kitu." Sernin aliongea kwa sauti ya fundi anayemweleza mteja kwa nini injini imekufa. "Kioo juani. Kila kiangazi mvinyo unapungua, kila unapopungua hewa inaingia, hewa ikiingia unakuwa siki. Ndiyo maana chombo kinajaziwa kila mwaka. Huu haujajaziwa miaka arobaini. Humu kuna ukoko na buibui."

Akaishika ile shingo kwa mikono miwili ili auangushe. Mtungi haukutikisika. Akajaribu tena, mishipa ikamtoka shingoni.

"Mawe yanaubana," Odile alisema.

Sernin akaanza kuondoa mawe, moja moja, akiyatupa pembeni kwa hasira. Alipofika nusu alipunguza mwendo. Aliondoa jiwe la upande wa mashariki, jua la asubuhi likapenya, likapita ndani ya mtungi kutoka nyuma.

Odile aliweka mkono mdomoni.

Mtungi uliwaka. Mwekundu wa kahawia, mwekundu wa kaa la moto unapolipuliza, na pembezoni rangi ya machungwa yaliyoiva sana. Na ulikuwa umejaa. Umejaa mpaka shingoni, pungufu vidole vinne tu chini ya kizibo. Fulcrand alisimama na kofia yake ikamjia mkononi bila yeye kuagiza. Upepo uliendelea kupiga kelele zake, lakini watu wale watatu hawakuusikia. Odile alikuwa ameishi na mvinyo tangu alipoanza kutambaa, lakini rangi kama ile hakuwahi kuiona.

"Haiwezekani," Sernin alisema. "Haiwezekani kabisa."

Kizibo kilikuwa kipya. Kwenye mawe, chini ya bamba pana, kulikuwa na kitu kilichofungwa kwa kitambaa cha bluu cha Galdric. Odile akakifungua. Ilikuwa faneli ya shaba, ndogo, mdomo wake umepinda upande mmoja.

"Faneli yangu!" alipiga kelele. "Mtakatifu wangu, hii faneli nimeitafuta tangu nikiwa msichana! Nimemsingizia mke wa Delpech mpaka akafa hatusalimiani!"

Hakuna aliyecheka, maana hapo hapo Odile alikuwa amekwisha kuelewa, na uso wake ulionyesha.

Siku ya Watakatifu Wote. Kila mwaka, siku hiyo Maury nzima inaposhuka makaburini na maua, mzee Galdric alipanda huku juu peke yake na kikapu. Watu walisema Vidal hana dini. Odile alidhani amebeba mkate na jibini, kwamba anakwenda kununa na mizabibu yake. Mwaka jana alikuwa na miaka tisini, anatembea kwa fimbo, na binti yake alimfokea mlangoni, "Utaanguka kule ufe, na mimi nitakuzika na kikapu chako!" Naye akajibu tu, "Nitarudi kabla ya supu."

"Alikuwa anaujazia," alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Sernin. Kila mwaka. Alikuja kuujazia."

Sernin alikuwa akivitazama vile vidole vinne. Aliweka vyake juu ya kioo, kimoja kimoja, akipima nafasi tupu kati ya mvinyo na kizibo.

"Na hapa?"

"Hapo ni kiangazi hiki. Hayupo."

Sernin akakaa chini juu ya mawe, mtu mzima wa karibu miaka sitini, akalia bila kujificha. Alilia kwa kwikwi, pua yake iliyopinda ikimwagika. Fulcrand akageukia bonde na kuanza kuhesabu nyumba. Odile alibaki amesimama. Alitaka kumkumbatia na alitaka kumpiga na faneli, na hakujua aanze na lipi.

Hatimaye ni Fulcrand aliyesema, "Sasa jamani. Si tuonje?"

Hawakuwa na glasi. Walikuwa na kifuniko cha chupa ya kahawa, ambacho Fulcrand alikisuuza kwa maji na kukikausha kwa shati lake la ndani. Sernin alikizungusha kizibo taratibu. Kabla hata hakijatoka, harufu ilikuwa imewafikia wote watatu: jozi, tini zilizokauka, ganda la chungwa, kahawa, sukari iliyoungulia kwenye sufuria ya mama. Walichovya bomba jembamba la plastiki lililokuwa kibandani, Odile akavuta kwa mdomo kama alivyofunzwa, akajaza kifuniko, akampa kaka yake.

Sernin alikunywa, akafumba macho. Akampa Odile.

Nisikudanganye, hata Odile mwenyewe hajawahi kuweza kueleza. Ulikuwa mtamu, lakini ule utamu ulikuja, ukapita, nyuma yake kikaja kitu kichungu na safi, nyuma yake tena jua, na kila alipodhani umekwisha kulikuwa na mlango mwingine. Aliuonja mwaka wa ukame mkubwa. Aliuonja mwaka wa mafuriko, mwaka aliokufa mama yao. Ilikuwa humo yote, vuno juu ya vuno, na hakuna hata mmoja uliousukuma mwingine. Alimeza, akatazama kivuli cha kibanda. Kivuli kilisogea shibiri nzima na ladha bado ilikuwa mdomoni. Alidhani anajua kazi ya baba yake. Aliona sasa kwamba hakuwa akijua hata mlango wake ulipo.

"Mama wee," Fulcrand alisema zamu yake ilipofika, akakaa.

Kisha Sernin akainua kichwa, fundi akamrudia machoni.

"Umesema mmeacha kutengeneza mtamu tangu lini?"

"Nimekwambia. Miaka kumi na miwili."

"Na huwezi kujazia mtamu kwa mkavu. Utauharibu wote."

"Huwezi. Asingefanya hivyo."

"Wala asingetia wa jirani."

"Baba? Afadhali angetia damu yake."

"Basi miaka hiyo kumi na miwili," Sernin aliuliza, "alijazia nini?"

Odile alilikumbuka pipa lake ghalani. Yeye hakuolewa, si kwa kukosa wachumba. Mmoja alimfaa kabisa mpaka alipoanza kuongea. Kwa hiyo alipotimiza miaka hamsini aliamua asisubiri harusi, akalitoboa pipa lake mwenyewe la kuzaliwa ili aonje glasi moja. Akakuta limekaribia nusu. Alipomuuliza baba yake, mzee alikuna kidevu na kusema, "Mbao nazo zina kiu, mwanangu." Na yeye, mtaalamu, binti wa ghala, akaamini.

"Mwizi," alisema Odile. "Mzee mwizi! Mimi!" Alijipiga kifua kwa faneli. "Alikuwa anakutilia mimi!"

Aliposema hivyo ndipo hasira ya miezi sita ilipompanda yote kwa pamoja, ya wosia, ya magoti, ya miaka thelathini na mitano. Alimtukana baba yake kwa kila jina alilolijua, akiwa amesimama katikati ya mizabibu na nywele zikimruka kwa upepo. Kisha akautazama tena ule mtungi ukiwaka juani. Mwaka wake nao ulikuwa mle ndani, umechanganyika na wa kaka yake, hakuna awezaye kuutoa. Hasira ikamwishia njiani. Akacheka, machozi yakimtoka, akamnyooshea Sernin faneli usoni.

"Umeninywa, mwanaharamu wewe. Umeninywa nusu nzima. Sasa utapogoa safu zote hizi mpaka magoti yako yafanane na yangu."

Sernin aliitazama mizabibu. Aliitazama mikono yake, ya fundi, yenye makovu ya mafuta ya moto.

"Fulcrand," alisema.

"Naam."

"Shusha hilo dude lako."

"Nimeliacha chini. Nishushe nini tena?" Fulcrand aliirudisha kofia kichwani, anatabasamu mpaka masikio yake mabovu yakasogea. "Nitalirudisha nyumbani. Na kifuniko changu sikioshi."

Wakayarudisha mawe, yote, jiwe moja moja.

Jumatano ilikuwa Watakatifu Wote. Kengele zilipokuwa zikiita watu makaburini, Odile alifungua bomba la pipa lake ghalani kwa mkono wake mwenyewe, akajaza chupa mbili, akazitia kwenye kikapu cha baba. Walipanda wawili. Juu, upepo ulikuwa mkali kiasi cha kumyumbisha mtu, na faneli ilikuwa na mdomo uliopinda. Odile aliishikilia shingoni mwa mtungi. Sernin akainua chupa, akasita, akaitazama ile mikono yake.

"Mimina," dada yake alisema. "Nimeshika."

Akamimina mpaka vile vidole vinne vikajaa. Hakumwaga hata tone.